Taichi: nguvu ya ndani isiyohitaji uwanja mkubwa wala fedha nyingi

WAKAZI wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hawahitaji kufunzwa maana ya nguvu. Nguvu huonekana alfajiri katika soko la Gikomba, hamali anapousukuma mkokoteni uliosheheni marobota ya mitumba. Huonekana kwenye mlango wa matatu ya Kayole, utingo anaposimama kwa mguu mmoja gari likipinda kona. Huonekana pia katika kumbi za jamii za Kariobangi na Pumwani, mabondia chipukizi wanapotoana jasho wakiota kumfuata Robert Wangila, Mkenya wa pekee aliyewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi, mjini Seoul mwaka 1988.

Hata hivyo, ipo nguvu nyingine ambayo jicho haliitambui upesi. Ni ile inayomwezesha mzee wa miaka 70 kushuka ngazi za gorofa bila kuyumba, na inayomzuia barobaro aliyetukanwa kituoni kurusha ngumi ambayo ataijutia maisha yake yote. Wachina wamekuwa wakiifunza nguvu hiyo kwa karne kadhaa kupitia sanaa ya mapigano iitwayo taichi, au kwa jina lake kamili, taijiquan.

Makala haya yanaeleza taichi ni nini, ilitoka wapi, kile kinachoitwa nguvu ya ndani ni kitu gani hasa, na jinsi mkazi wa mtaa uliosongamana anavyoweza kuianza bila gharama kubwa.

TAICHI NI NINI?

Sanaa za mapigano za Kichina hugawanywa kwa desturi katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la sanaa za nje, ambazo hutegemea zaidi kasi, misuli na ugumu wa viungo. Kundi la pili ni la sanaa za ndani, ambazo huanza na pumzi, mkao wa mwili na utulivu wa akili, kisha ndipo hufikia pigo. Sanaa tatu mashuhuri za ndani ni taijiquan, xingyiquan na baguazhang. Taichi ndiyo iliyoenea zaidi ulimwenguni.

Mgawanyo huo usichukuliwe kama ukuta. Bondia hodari naye hujifunza kupumua na kulegeza mabega, na mwanafunzi wa taichi asiyeimarisha mapaja hafiki mbali. Tofauti ipo katika mahali pa kuanzia. Mwalimu wa ndondi humpa mwanafunzi wake kamba ya kuruka na gunia la kupiga siku ya kwanza. Mwalimu wa taichi humwambia asimame tuli.

Mtazamaji humwona mtu akitembeza mikono polepole kana kwamba yumo majini, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, bila kusita na bila kuharakisha. Kwa mgeni, miondoko hiyo hufanana na ngoma. Lakini kila mmoja una kazi yake: huu ni wa kupangua ngumi, ule ni wa kumvuta adui akose mizani, na mwingine ni wa kupiga kwa kiwiko au kwa bega.

ASILI YAKE

Ngano maarufu humtaja mtawa Zhang Sanfeng, anayesemekana kuibuni sanaa hii baada ya kutazama vita kati ya ndege na nyoka. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria hawana ushahidi wa kuithibitisha. Kumbukumbu zinazoaminika zaidi zinatupeleka katika kijiji cha Chenjiagou, mkoa wa Henan, ambako askari mstaafu kwa jina Chen Wangting anatajwa kuwa mwanzilishi katika karne ya 17.

Kwa vizazi kadhaa ukoo wa Chen uliificha elimu hiyo. Aliyeitoa nje ni Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufariki 1872. Alijifunza kwa Chen Changxing kijijini humo, kisha akaenda kufundisha mjini Beijing, hata kwa watu wa jamaa ya mfalme. Kutoka kwa mikondo ya Chen na Yang yalizuka mingine mitatu: miwili ambayo majina yake hutamkwa Wu, na mmoja wa Sun Lutang aliyeishi kati ya 1860 na 1933.

Mwaka 1956 wataalamu wa serikali ya China waliifupisha mitindo ya zamani wakaunda mfululizo wa miondoko 24 ambao huchukua dakika tano au sita kukamilika. Huo ndio unaofunzwa wanaoanza karibu kila pembe ya dunia. Desemba 2020, shirika la UNESCO liliingiza taijiquan katika orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika.

ILIVYOWAFIKIA WAKENYA

Wengi wa wakazi wa Nairobi walizifahamu sanaa za Kichina kupitia filamu. Bruce Lee alifariki Julai 1973, wiki chache tu kabla ya filamu yake Enter the Dragon kuanza kuonyeshwa, na picha zake ziliendelea kuwasisimua vijana kwa miaka mingi, kwanza katika majumba ya sinema na baadaye katika vibanda vya video mitaani. Wachache walijua kwamba somo la kwanza la shujaa huyo lilikuwa taichi, aliyofunzwa na babake mzazi kabla hajajifunza mapigano mengine.

Karate, taekwondo na kung fu zilishika mizizi katika shule na kumbi za jamii. Taichi iliingia kimyakimya. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, ya kwanza barani Afrika. Taasisi za aina hiyo hufunza lugha ya Kichina na kuiambatanisha na utamaduni wake, na taichi ni miongoni mwa mambo ambayo hufunzwa mara nyingi. Limo pia nchini shirikisho la kung fu na wushu, jina la jumla la sanaa za mapigano za Kichina.

Hata hivyo, wazo la mpiganaji mtulivu si geni kwetu. Huko Lamu, wacheza kirumbizi hukabiliana kwa fimbo katikati ya umati, ngoma ikilia. Anayekwenda kwa pupa hupatikana wazi. Anayesubiri, akasoma mguu wa mwenzake na kuingia kwa wakati wake, ndiye anayeshangiliwa. Wahenga walikwisha kulisema hilo waliponena kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

NGUVU YA NDANI HASA NI NINI?

Hapa ndipo wengi wanapopotoka. Wachina husema kwamba mwilini mna chi, yaani pumzi au nishati ya uhai, ambayo hukusanyika chini kidogo ya kitovu na kusambaa viungoni. Wapo waliolichukua neno hilo wakaligeuza kuwa muujiza, wakidai wanaweza kumwangusha mtu bila kumgusa. Sayansi haijawahi kuipima nishati ya namna hiyo. Kilichopimwa ni kazi ya mwili uliofunzwa vizuri, na hiyo inatosha kushangaza.

Mtazame tena hamali wa Gikomba. Aliye mgeni katika kazi husukuma mkokoteni kwa mikono, na baada ya hatua hamsini mabega humwuma. Mzoefu huinamisha mwili, akafunga kiuno, akakanyaga ardhi, na nguvu ya miguu ikapita mgongoni hadi kwenye vipini. Mikono yake hufanya kazi ya kupitisha tu. Mwalimu wa taichi akimwona atasema: huyu ana nguvu ya ndani. Ardhi ndiyo chanzo, miguu ndiyo injini, kiuno ndicho usukani, mikono ni mlango wa kutokea.

Utingo naye ana somo lake. Akiyakaza magoti, dereva akifunga breki ghafla ataruka kama jiwe la manati. Akiyalegeza, mtikiso huishia miguuni. Wanataichi huita hali hiyo kuwa na mizizi: mwili wa juu mwepesi, mwili wa chini mzito, na viungo vyote vimelegea bila kuregea.

Sehemu ya pili ya nguvu hiyo ni pumzi. Mtu akishtuka au akikasirika, pumzi hupanda kifuani, ikawa fupi na ya haraka. Moyo hudunda, ngumi hujikunja, macho huona kitu kimoja tu. Akivuta pumzi taratibu hadi tumboni na kuitoa polepole zaidi, neva zinazotuliza moyo huanza kufanya kazi na mapigo hushuka. Jambo hilo haliamriwi kwa maneno wakati wa hatari. Sharti lifunzwe mara nyingi wakati wa amani, hadi mwili ulitende wenyewe.

Sehemu ya tatu ni umakinifu. Kwa kuwa miondoko ni ya polepole, akili haina pa kujificha. Ukiwaza kodi ya nyumba, mguu huyumba papo hapo. Ndiyo maana wengine huiita taichi tafakuri inayotembea.

JINSI YA KUANZA

Msomaji anayetaka kuonja sanaa hii anaweza kuanza na mazoezi manne. Hayahitaji vazi maalumu. Viatu vyenye soli bapa na nguo zisizobana zinatosha.

La kwanza ni kusimama kama mti. Panua miguu kwa kipimo cha mabega, vidole vikielekea mbele. Kunja magoti kidogo, yasipite ncha za vidole vya miguu. Acha makalio yashuke kana kwamba unataka kuketi kwenye kigoda kirefu. Inua kichwa kama kilichofungwa uzi utosini. Shusha mabega, kisha inua mikono mbele ya kifua kama mtu aliyekumbatia pipa. Kaa hivyo dakika mbili siku za kwanza, uongeze taratibu hadi kumi. Mapaja yatawaka moto, na hapo ndipo utakapojua kwamba kusimama ni kazi.

La pili ni kupumua. Ukiwa katika mkao huo, vuta hewa kwa pua, tumbo lijae. Itoe kwa pua, tumbo lirudi. Usiibane wala usiilazimishe. Ukihisi kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida.

La tatu ni kuhamisha uzito. Sogeza mwili wote juu ya mguu wa kushoto hadi wa kulia uwe mtupu kabisa, kisha upige hatua bila kishindo, kisigino kikitangulia. Nenda kama mzazi anayepita usiku katika chumba kimoja ambamo mtoto amelala. Hatua kumi za namna hiyo hufunza mizani kuliko mbio za haraka.

La nne huhitaji mwenzako. Simameni mkikabiliana, mikono ya mbele ikigusana kwenye vifundo. Mmoja asukume polepole, mwingine asipinge wala asikimbie, bali ageuze kiuno ili nguvu ile ipite kando. Kisha mbadilishane. Zoezi hili, ambalo Wachina huliita tui shou, ndilo linalotenganisha taichi ya mapigano na taichi ya kupunga mikono tu. Hapo mtu hugundua kwamba akikasirika husukumika kwa urahisi zaidi.

Baada ya wiki kadhaa za msingi huo, mwanafunzi yuko tayari kujifunza mfululizo wa miondoko 24. Kanda za video husaidia kukumbuka, lakini haziwezi kumsahihisha mtu goti linapopinda vibaya. Mwalimu anahitajika.

MANUFAA YALIYOPIMWA

Taichi imechunguzwa na madaktari kuliko karibu sanaa nyingine yoyote ya mapigano, hasa kwa wazee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwafuatilia watu 670 wenye umri wa miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Waliofunzwa taichi saa moja mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walianguka kwa asilimia 58 chini ya wale waliofanya mazoezi ya kujinyoosha, na kwa asilimia 31 chini ya wale waliochanganya mazoezi ya aina mbalimbali.

Jambo hilo lina uzito hapa. Si kila mzee wa Eastlands hurejea mashambani baada ya kustaafu. Wengi wamezeekea Jericho, Bahati, Makongeni na Maringo, au wanaishi na watoto wao katika magorofa ya Umoja na Pipeline yasiyokuwa na lifti, yenye ngazi nyembamba zisizo na taa. Nyonga iliyovunjika kwa kuanguka mara moja inaweza kumfunga mtu kitandani na kuifilisi jamaa nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri waliotimu miaka 65 kufanya mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki.

Kuhusu shinikizo la damu, utafiti wa China uliotolewa mwaka 2024 uliwahusisha watu 342 ambao shinikizo lao lilikuwa limeanza kupanda. Baada ya mwaka mmoja, kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa pointi 7 miongoni mwa waliofanya taichi, ikilinganishwa na pointi 4.6 kwa waliofanya mazoezi ya kawaida ya kuchochea moyo kama vile kutembea kwa kasi na kuendesha baiskeli. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu.

Tafiti nyingine zimeonyesha nafuu kwa wagonjwa wa maumivu ya goti na wale wenye maradhi ya Parkinson ambao hupoteza mizani. Hakuna hata moja iliyosema taichi inaponya maradhi hayo. Anayetumia dawa asiziache, na mwenye maradhi ya moyo au mifupa amwone daktari kabla ya kuanza.

JE, INAWEZA KUMKINGA MTU?

Swali hili huulizwa na kila kijana, na jibu lake lahitaji ukweli. Aprili 2017, mjini Chengdu, China, mpiganaji Xu Xiaodong alikabiliana na Wei Lei, mtu aliyejitangaza kuwa bingwa wa taichi. Pambano halikumaliza nusu dakika. Wei Lei aliangushwa, akapigwa, ikawa basi. Tukio hilo liliwafedhehesha wengi, lakini lilifunza jambo moja: asiyewahi kujaribu sanaa yake dhidi ya mtu anayepinga kwa dhati hajui kupigana, hata mikono yake iwe laini kama hariri.

Kwa upande mwingine, kujihami hakuanzi na ngumi. Katika mtaa wa Korogocho, ajuza waliochoshwa na visa vya kubakwa walianza kufunzwa kujihami katika mpango uliojulikana kama Cucu Jukinge, yaani bibi, jikinge. Baadhi ya wahalifu waliwalenga wakiamini kwamba wakongwe hawana virusi vya Ukimwi. Mafunzo hayo si taichi. Ni mapigo machache ya pua, kidevu na sehemu za siri, pamoja na kupaza sauti ya kukataa. Lakini kiini chake ni kilekile: mwanamke anayeweza kuitawala pumzi yake wakati wa hofu hubaki na sauti ya kupigia mayowe na sekunde ya kuamua.

Kwa vijana wa kiume faida ni ya namna nyingine. Ugomvi mwingi wa mtaani huanza kwa neno dogo na kuishia kwa kisu. Aliyefunzwa kuyahisi mabega yake yakipanda ana nafasi ya kuyashusha kabla mkono haujainuka. Ushindi huo hauna mashahidi wala kikombe, ila humrudisha mtu nyumbani kwao akiwa hai, na mwenzake pia.

NAFASI MITAANI

Kikwazo kikubwa cha michezo Eastlands ni ardhi. Viwanja kama Camp Toyoyo huko Jericho, Kamukunji na Jacaranda hugawanywa kati ya soka, mikutano ya siasa na mahubiri. Maeneo mengine ya wazi yaliyotengwa wakati mitaa ilipojengwa yalinyakuliwa kitambo. Taichi ina bahati kwamba yahitaji mahali padogo. Paa la gorofa, katikati ya kamba za nguo, linatosha watu sita mradi lina ukuta wa kuwazuia. Ua wa ploti unatosha kabla wapangaji hawajaamka kuteka maji. Ukumbi wa jamii unatosha darasa zima.

Hata hivyo, udogo wa mahitaji yake usiwe kisingizio cha kuwanyima wakazi nafasi. Kumbi za jamii zilizo chini ya Kaunti ya Nairobi zilijengwa kwa ajili ya mambo kama haya, na saa moja ya asubuhi kwa wazee, mara mbili kwa wiki, haingemzuia bondia kufanya mazoezi yake jioni.

TAHADHARI

Jihadhari na mwalimu anayedai kuponya kila ugonjwa, anayeahidi uwezo wa kuangusha watu kwa kuwatazama, au anayekataa kuulizwa maswali. Mwalimu wa kweli hueleza kwa nini mguu uwe hapa na si pale, huruhusu mwanafunzi amsukume, na huona aibu kutoza pesa za muujiza. Magoti yakiuma, inua mkao. Mgongo ukiuma, pumzika. Maumivu ya misuli iliyochoka ni ya kawaida, lakini ya kiungo ni onyo.

Baadhi ya waumini huuliza iwapo kuifanya taichi ni kuingia dini ya Kichina. Falsafa ya Kitao imechangia lugha yake, lakini mazoezi yenyewe hayadai ibada wala kiapo, na hufanywa na watu wa imani mbalimbali duniani. Mwenye shaka aulize mapema mwalimu wake hufunza nini.

La mwisho ni subira. Taichi haitampa mtu kifua cha mnyanyua vyuma kufikia Krismasi. Manufaa ya mizani yaliyotajwa juu yalipatikana kwa miezi sita ya mazoezi. Anayeanza kwa dakika kumi kila alfajiri, kabla matatu hazijaanza kupiga honi, atakuwa amejiwekea akiba isiyoibwa na mwizi. Haba na haba hujaza kibaba, na mguu uliofunzwa kukanyaga vyema leo ndio utakaomshusha mwenyewe ngazini salama uzeeni.